Fundi Yuko Lagos, Lawama Ziko Kampala

OTIM: Hamjambo wasikilizaji. Mkisikia mngurumo nyuma yetu, si muziki wa kipindi. Umeme umekatika hapa Ntinda, Kampala, jirani kawasha jenereta. Mimi Otim, nipo na dada Zaina.

ZAINA: Nipo, kaka. Na jirani tusimseme, maana intaneti tunayotumia sasa hivi ni yake.

OTIM: Dada, wewe ni meneja masoko wa kampuni ya magodoro. Kila nikija ofisini kwenu nakukuta peke yako na kikombe cha chai. Timu iko wapi?

ZAINA: Dizaina yuko Lagos. Anayeendesha matangazo ya kulipia yuko Nairobi. Wanaojibu wateja kwenye WhatsApp ni mabinti wawili wa kwenu Gulu. Wote wa mkataba. Na mwaka mzima wa kwanza hakuna hata mmoja aliyewahi kulalia godoro letu.

OTIM: Hilo la mwisho umelisema kwa uchungu.

ZAINA: Kwa sababu ndipo kazi ilipo! Watu hudhani kuongoza timu ya mbali ni kufukuzana: umefika wapi, mbona kimya. Hiyo ipo. Lakini kinachochosha ni kueleza mambo ambayo hujui kama yanahitaji kuelezwa. Desemba moja tulikuwa na tangazo la msimu wa kwanjula, bwana anapotambulishwa kwa wakwe. Nikamwandikia wa Lagos: nataka sherehe ya utambulisho, akina mama wamevaa mavazi ya asili, godoro liwe kati ya zawadi alizoleta bwana. Basi, mistari mitatu. Kesho yake picha ikaja, inang'aa. Akina mama wote wamefunga vilemba vya Kiyoruba, vile vinavyosimama kama mkia wa tausi.

OTIM: Mama wa Masaka na gele kichwani!

ZAINA: Na bosi ndiye aliyeiona kwanza. Lakini kijana hana kosa. Nimemwambia "mavazi ya asili", na kwao asili ndiyo hiyo. Gomesi, gauni la asili la akina mama wa huku, ilikuwa akilini mwangu tu. Ikabidi niipige picha gomesi ya mama yangu: mabega yamechongoka, vifungo viwili kushoto shingoni, mshipi mpana umefungwa chini ya kiuno, ncha zinaning'inia mbele. Siku hizi maelekezo yangu hayatoki bila picha za mtaani nilizopiga mwenyewe.

OTIM: Na saa je? Mimi saa ndizo zinaniua.

ZAINA: Usiniambie! Niliandika kwenye kundi, "kikao saa tatu". Wa Nairobi kaelewa, wa Gulu wameelewa. Wa Lagos akatia kwenye programu ya kutafsiri, ikampa tatu kama ilivyo. Akaingia saa tisa mchana ya kwao, huku ni saa kumi na moja jioni. Nimeshabeba mkoba, naona ujumbe: "Niko kikaoni peke yangu, mko wapi?"

OTIM: Maskini.

ZAINA: Sasa naandika tarakimu za saa ishirini na nne, na neno Kampala mbele yake. Hilo dogo. La pesa ndilo lililoniuma. Wa Nairobi ni hodari, lakini alikuwa anaweka bajeti yote Facebook kama anavyofanya kwao. Nikamuuliza, unajua Facebook ilifungwa hapa Januari 2021, siku mbili kabla ya uchaguzi? Anajua kwa kusikia, kama habari za redioni.

OTIM: Na watu waliendelea kuingia kwa VPN, ile programu inayoonyesha kana kwamba uko nchi nyingine. Tulishaizoea tangu 2018, ilipokuja ile kodi ya shilingi 200 kwa siku ya mitandao ya kijamii.

ZAINA: Naam. Kodi ile ikaondoka Julai 2021, ikaja asilimia 12 kwenye bando, lakini VPN ilibaki kwenye simu. Sasa mteja yuko Wandegeya, hapa hapa Kampala, anakula rolex, chapati yetu ya mayai, VPN yake inasema yuko Uholanzi. Wewe umelipia tangazo lionekane na watu walioko Uganda. Litampataje? Mwenye kompyuta Nairobi anaona namba ndogo, anasema soko ni dogo. Soko si dogo, limejificha.

OTIM: Mkafanyaje?

ZAINA: Tukapunguza huko, tukapeleka TikTok na redio za mikoani. Uamuzi huo siwezi kumwachia mtu wa mkataba. Atafanya kwa ustadi, ila hapotezi usingizi tukikosea.

OTIM: Turudi kwa hao dada zangu wa Gulu. Hatimaye walilalia godoro?

ZAINA: Nililipakia kwenye basi la usiku, limekunjwa kwenye nailoni. Wiki moja tu, majibu yakabadilika. Zamani mteja akiuliza kama lina harufu, walinakili sentensi kutoka kwenye karatasi yangu. Sasa wanamwambia, "Ndiyo, linanuka siku mbili, fungua madirisha, letu pia lilinuka." Wateja wanapenda kuambiwa hivyo kuliko maneno yangu yote.

OTIM: Mimi niliwahi kumtumia mtu wa nje orodha nzima ya wateja, majina na namba za simu, kwenye baruapepe tu.

ZAINA: Otim! Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha tangu 2019. Data ikichakatwa nje ya nchi, kuna masharti: ama huko inakokwenda kuwe na ulinzi wa kutosha, ama mwenyewe awe ameridhia. Wewe uliuliza nani?

OTIM: Sikuuliza mtu. Tuendelee.

ZAINA: Hatuendelei, utalifuta faili leo, na yule utamwambia alifute. Ila nisijifanye mtakatifu. Ukurasa wetu wa kwanza wa Instagram ulifunguliwa na wakala mmoja kwa baruapepe yake mwenyewe. Tukaachana kwa ugomvi wa ankara.

OTIM: Na pasiwadi?

ZAINA: Anayo yeye. Sikukuu ya Idi bado anatuwekea picha ya godoro la mwaka juzi, na bei ya zamani. Wateja wanakuja nayo dukani.