Il-2: Pale Deraya Ilipoishia

Waheshimiwa wasikilizaji, nawashukuru kwa kufika. Katika ndege nyingi za kivita za miaka ya 1930, deraya ilikuwa mzigo wa nyongeza: kiunzi kilikamilishwa kwanza, kisha mabamba ya chuma yakapachikwa pale palipohofiwa risasi, na ndege ikazidi kuwa nzito. Sergei Ilyushin, mhandisi wa Muungano wa Kisovieti, alipoomba mwanzoni mwa 1938 aruhusiwe kuunda ndege ya kushambulia majeshi ya ardhini, ndiyo iliyokuja kuitwa Il-2, aliigeuza hesabu hiyo. Bamba lile lile la kukinga risasi alilifanya kuwa mwili wenyewe wa sehemu ya mbele, likiwakumbatia injini, rubani na matangi ya mafuta bila kiunzi kingine ndani yake.

Gamba hilo lilikuwa na uzito wa kilo 700 hivi. Kwa maoni yangu, akili ya Ilyushin huonekana kwenye rejeta kuliko kwenye mizinga. Injini ya AM-38 ilipozwa kwa kimiminika, na fundi yeyote wa magari atawaambia kwamba rejeta ikitoboka, safari imekwisha. Sembuse ndege iliyoruka chini kiasi cha kulengwa hata na askari wa miguu mwenye bunduki yake. Basi rejeta nayo ikaingizwa ndani ya gamba, na upepo wa kuipoza ukavutwa kupitia mdomo uliowekwa juu ya pua ya ndege.

Nyuma ya gamba, kuelekea mkiani, mwili ulikuwa wa mbao. Ndege ya majaribio iliyorushwa na Vladimir Kokkinaki mwezi Oktoba 1939 ilikuwa na viti viwili, lakini nguvu za injini ya wakati huo hazikutosha. Kiti cha pili kikaondolewa, na Il-2 zilizotoka kiwandani Voronezh mwaka 1941 zikawa za mtu mmoja. Wajerumani walipovamia mwezi Juni, marubani wao hawakukawia kujua kwamba mnyama huyu hushambuliwa kwa nyuma. Vikosi vingine vya Kisovieti vilikata paa la ndege vyenyewe, vikamkalisha askari na bunduki ya rashasha.

Mwishoni mwa 1942 viwanda vilirudisha kiti cha pili, pamoja na rashasha ya milimita 12.7. Lakini tazameni mpigaji alipokaa: juu ya ukanda wa turubai, ameupa mgongo ukuta wa chuma uliomlinda rubani, macho mkiani, na ubavuni mwake hamna deraya. Kurefusha gamba kungeilemea ndege upande wa nyuma, nayo ilikuwa imekwisha kuyumba kwa uzito wa mtu huyo mmoja, hata mwaka 1943 sehemu za nje za mabawa zikalazimika kurudishwa nyuma ili mizani ikae sawa. Isitoshe, tangu Desemba 1941 Stalin alikuwa amewaonya wakuu wa viwanda kwamba jeshi linaihitaji ndege hii kama hewa na mkate. Nani angethubutu kusimamisha kazi ili kuchora upya? Zilitengenezwa zaidi ya 36,000.

Mrithi wake, Il-10, alirushwa kwa mara ya kwanza mwaka 1944, na humo mpigaji wa nyuma akaingizwa ndani ya deraya pamoja na rubani wake. Ndege hiyo ilifika vitani mwaka 1945, Berlin ikiwa karibu kuanguka.