Wikendi ya mwanafunzi Kentucky: kibarua, mlima na hesabu ya dola

Hamjambo ndugu zangu, poleni na majukumu. Mnaongea nami kutoka Berea, mji mdogo jimbo la Kentucky, Marekani. Tangu video iliyopita wengi mmeniuliza wikendi wanafunzi wa huku wanafanya nini na vibarua vinalipa kiasi gani. Mama mmoja wa Morogoro akauliza zaidi: mwanawe akipata chuo kama hiki, ataweza kumsomesha mdogo wake kwa hela ya kibarua? Mama, shikamoo. Hilo lako nitalijibu kwa kirefu, maana najua kuna familia zinauza kiwanja kwa maneno ya kuambiwa.

Kwanza mkijue chuo chenyewe, kinaitwa Berea College. Ni kidogo kweli, wanafunzi 1,500 hivi. Kilianzishwa mwaka 1855 na mchungaji John G. Fee, mpinga utumwa, wakati jimbo hili bado lina watumwa. Tangu 1892 mwanafunzi hatozwi ada ya masomo. Ila kila mmoja wetu, awe mtoto wa nani, lazima afanye kazi za chuo angalau saa 10 kwa wiki. Ukizembea kazini unawekwa chini ya uangalizi, na ukiendelea unaweza kupoteza nafasi yako ya masomo.

Wazazi wetu waliosoma enzi za Elimu ya Kujitegemea wananielewa haraka. Mwalimu Nyerere aliandika mwaka 1967 kwamba shule ziwe na mashamba, msomi asije akalidharau jembe. Mimi nilisoma shule ambayo jembe lilitoka stoo mtu akichelewa namba. Kufyeka ilikuwa adhabu, kuchota maji adhabu, kusafisha choo adhabu kubwa. Kwa hiyo tumekua tukiamini anayefanya kazi ya mikono ni mkosaji, na hilo linaniuma sana nikifikiria vijana wangapi wako nyumbani na vyeti vyao, wanaona aibu kuonekana wameshika koleo. Hapa kazi yako ina msimamizi, inapewa tathmini, na inaandikwa kwenye rekodi yako kando ya masomo. Anayesomea kemia anapiga deki, anayesomea muziki yuko shambani na nguruwe, na hakuna anayemcheka mwenzake.

Njooni niwaambie kuhusu fagio. Chuo kina karakana ya kutengeneza fagio tangu miaka ya 1920, na wafanyakazi wake ni wanafunzi. Malighafi ni mtama! Si ule wa uji wa watoto, ni aina inayolimwa kwa ajili ya masuke yake marefu na magumu. Rafiki yangu anafanya kazi pale. Anayalowesha masuke yalainike, anayafunga kwenye mpini huku mashine ikiuzungusha na waya ukikazwa, kisha anaubana ufagio uwe bapa na kuushona kwa mkono, sindano ndefu, uzi wa rangi. Viganja vyake vimeota sugu. Ufagio ukitoka hapo unauzwa dukani kama kazi ya sanaa, na watu wanatoka mbali kuja kununua.

Mimi nilipangiwa bwalo la chakula. Trei zinakuja kwenye mkanda, unakwangua mabaki, unapanga sahani kwenye kreti, unasukuma kwenye mashine. Mvuke unakupiga usoni, miguu inawaka. Na zamu za Jumamosi na Jumapili zipo, kwa sababu watu wanakula kila siku.

Sasa hela. Kima cha chini cha mshahara cha taifa hapa Marekani ni dola 7.25 kwa saa, hakijapanda tangu 2009, na ndicho kinachotumika Kentucky. Zidisha kwa saa 10: dola 72.50 kwa wiki. Mwanafunzi anaweza kulipwa juu au chini ya hapo, kwani kwa chuo kama chetu sehemu ya jasho lako inafidia masomo. Toa sabuni, vocha, mafuta ya kupaka, koti la baridi (hilo la lazima, Januari huku si mchezo). Kinachobaki, mama yangu wa Morogoro, hakisomeshi mtu. Mwanao akikutumia dola 30 siku ya Idi au Krismasi, ujue kajinyima.

Mtasema basi aongeze saa. Visa ya F-1, yaani ile ya mwanafunzi kutoka nje, inaruhusu kazi ndani ya chuo tu, na muda wa masomo usizidi saa 20 kwa wiki. Likizo ndiyo unaweza kuongeza. Kazi ya nje ya chuo mwaka wa kwanza hairuhusiwi, na baadaye mpaka upate kibali. Lakini watu hawakosekani wa kukuambia njoo wikendi uoshe vyombo mgahawani, utalipwa mkononi. Hata kusuka nywele kwa malipo ni kazi. Ukibainika umevunja masharti, unaondoka na shahada nusu. Nawaomba wazazi, msimpigie mtoto simu ya lawama Ijumaa usiku, maana ndiyo inayomsukuma huko Jumamosi asubuhi.

Halafu apumzike! Wikendi yetu ni ya gharama ndogo. Tunacheza mpira, tunafua, tunapika pilau jiko la bweni, na tunapanda Pinnacles, vilele vya mlima ulio karibu na mji. Ukifika juu unakaa kwenye jabali, misitu chini yako mpaka macho yanachoka. Kila Oktoba kuna Siku ya Mlima: masomo yanasimama, na wengine wanaamka usiku kwenda kuliona jua likichomoza juu ya majani yaliyogeuka mekundu na ya dhahabu.

Tukipata mwenye gari tunakwenda Lexington, chini ya saa moja kaskazini. Huko ndugu zetu Wakongo ni wengi, na Kiswahili utakisikia dukani na kanisani. Tunarudi na kisamvu cha kugandishwa, dagaa na unga, tunachanga mafuta ya gari, na Jumapili jioni bweni zima linanukia. Mama mmoja wa Bukavu hunifungia na pilipili, hataki hela.

Karakana ya fagio nitawaonyesha msimamizi akinipa ruhusa ya kupiga picha. Maswali ya visa niandikieni, nitajibu ninayoyajua. Zamu yangu ya bwaloni inaanza saa kumi na nusu, acha nikavae aproni.