Farumi ya Maji

Asalaam aleikum, wazee wangu, kina mama na vijana. Nimeambiwa nizungumzie viumbe wa majini wanaohamia pasipo kwao. Nimekuja na chupa hii, maji nimeyateka Kilindini, bandari yetu ya Mombasa, alfajiri. Yaonekana safi, sivyo? Yatie chini ya lenzi, utaona watoto wa kaa na wa chaza, wadogo mfano wa chembe ya mchanga, wanachezacheza.

Mabaharia mliopo mnaijua farumi. Jahazi likiwa tupu hutiwa mawe au mchanga lisiyumbe. Meli ya chuma farumi yake ni maji. Ikija hapa tupu kupakia magadi, matangi yake imeyajaza bandari nyingine. Mzigo ukiingia, maji hutolewa. Mawe yetu hayakuwa yakizaa.

Waulizeni wavuvi wa Bahari Nyeusi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walifikiwa na Mnemiopsis kutoka pwani za Marekani, kidude mfano wa yavuyavu, ila hakiwashi. Kikala mayai ya dagaa na chakula chao. Dagaa wenyewe walikuwa wamekwisha vuliwa kupita kiasi, na mwisho wa muongo ule nyavu zikawa zatoka na utelezi. Aliyekiweza ni Beroe, jamaa yake, aliyeonekana huko 1997, naye mgeni vilevile! Hakuna aliyemleta kwa makusudi. Ilikuwa bahati, na bahati haipangiwi bajeti.

Kwa hiyo mgeni huzuiwa akiwa bado melini. Mkataba wa kimataifa wa maji ya farumi, wa 2004, ulianza kutumika tarehe 8 Septemba 2017. Mwanzo, meli zilibadilisha maji bahari kuu, ikiwezekana maili 200 kutoka nchi kavu, kwa kuwa kiumbe wa ufuoni hapawezi pale. Sasa meli huyachuja, kisha huyapiga mionzi au klorini. Yakimwagwa, kila mita ya ujazo isizidi viumbe hai 9 wanaofikia sehemu ya 20 ya milimita. Mkaguzi akipanda, hulikagua daftari la farumi.

Wanaong'ang'ania chini ya meli ni habari nyingine, na hao wazee wetu waliwaweza zamani: maji yakitoka, tumbo la jahazi hubabuliwa kwa moto wa makuti, likapakwa deheni, yaani chokaa na shahamu.

Na tusijione wapokeaji tu. Mombasa hushusha mizigo mingi kuliko inayopakia, basi meli nyingi huondoka nyepesi, zimejaza maji ya Kilindini. Huko ziendako, mgeni ni kaa wetu. Hawa wa chupani nitawarudisha jioni, pale pale nilipowateka.