Kubadilisha mlango wa gari la zamani mpaka ufunge kwa kidole kimoja

Karibuni tena, ndugu watazamaji. Leo tuna mlango wa mbele wa gari la zamani la milango minne, lenye bawaba za bolti. Kama bawaba zako zimechomelewa, kazi yako ni nyingine kabisa. Katika kazi zote za bodi hii ndiyo naipenda kuliko zote, maana mlango uliokaa sawa unautambua kwa sauti yake hata ukiwa umefumba macho.

Waya wa hasi wa betri umeshatoka, jalada la ndani tumevua, plagi tumechomoa, na ule mkanda unaozuia mlango usifunguke kupita kiasi nao tumeutoa. Hayo nayapita.

Kabla hujagusa spana, shika mlango kwa nyuma uuinue. Mdogo wangu, leta taa hapa. Mnaona? Mlango unapanda, lakini kipande cha bawaba kilichofungwa kwenye nguzo ya bodi kimetulia tuli. Pini inayounganisha vipande viwili vya bawaba imelika. Hii nimeitoa kwenye bawaba ya juu: ina mtaro, ukipitisha ukucha unanasa. Pini ikifika hapa, badilisha pini na bushi zake, vile vipete inamozungukia, kwanza, la sivyo utapanga leo na kesho mlango umelala tena.

Chora penseli kuzunguka bawaba, ndiyo njia yako ya kurudi ukipotea. Bandika tepu ukingoni mwa madigadi. Weka jeki chini ya mlango, juu yake ubao na blanketi. Mlango ukiwa na kioo chake unaweza kuvuka kilo 30, kwa hiyo msaidizi awe na mikono miwili mitupu, simu aiache mezani.

Haya, hapa nisikilizeni vizuri. Kile chuma cha kwenye nguzo ya nyuma, kinachong'atwa na kitasa, KITOE kabla ya kuanza kupanga. Chora alama yake, kitoe, weka pembeni. Nilishawahi kukiacha. Mlango ulikuwa umelala, lakini kila nikifunga, kile chuma kinaunyanyua, mianya inaonekana mizuri, nami nikaamini bawaba ziko sawa. Baada ya wiki mbili mteja akarudi: mlango haufungi mpaka aubamize, na kitasa kimeshaanza kuchubuka. Iliniuma sana, kwa sababu alikuwa ameniamini. Kwa hiyo nasema tena: kitoe.

Fungua bolti, shusha mlango wa zamani, mlango mpya juu. Kaza bolti kiasi cha mlango kubaki ulipo ukiuachia, lakini usogee ukiusukuma kwa nguvu. Funga taratibu. Anza kuangalia nyuma, penye mlango wa pili, halafu ndiyo uje kwenye madigadi, kwa sababu madigadi ina bolti zake na inasogezeka. Natafuta mwanya wa milimita 4 hadi 5, ulio sawa juu mpaka chini. Kipimo changu ni biti ya drili ya milimita 4, upande wake laini.

Ngoja. Ngoja kidogo, kamera irudi hapa. Juu biti haiingii kabisa, chini inacheza. Mlango umelala nyuma. Tulia, usifungue kila kitu. Bawaba moja tu, narudia, moja tu. Legeza bolti za bawaba ya juu kwenye nguzo, msaidizi anyanyue mkia wa mlango, yaani upande wake wa nyuma, kidogo sana, kaza. Milimita 1 kwenye bawaba inakuwa kama 2 au zaidi kule nyuma, kwa hiyo anyanyue kama anayegusa yai. Pima tena... bado kidogo... hapo. Imeingia juu, imeingia chini.

Kwenye gari hili bolti za nguzo ndizo za kusogeza mlango juu na chini, mbele na nyuma. Zile za mlangoni ni za kuingia na kutoka. Mengine ni kinyume, basi tazama ni matundu yapi yameachiwa nafasi. Ukingo wa mbele wa mlango mimi naupenda uwe ndani ya madigadi kwa unywele tu, upepo usipate pa kushika ukapiga mluzi.

Sasa ndiyo kile chuma kirudi, kwenye alama yake, kimekazwa nusu. Vuta kishikio cha nje, funga ukiwa umekivuta, kisha kiachie. Fungua tena polepole huku jicho likiwa kwenye mkia. Mlango ukidondoka, chuma kiko juu mno. Ukiruka, kiko chini mno. Kigonge kidogo kwa nyundo ya raba, jaribu tena, halafu kaza kabisa. Lazima usikie milio miwili. Mmoja maana yake kitasa kimeshika nusu, na mlango huo unaweza kufunguka barabarani.

Bana karatasi kwenye raba, ivute kuzunguka mlango wote: ishike kila mahali. Sasa nyamazeni kidogo, naufunga kwa kidole kimoja... Tk-tk. Mmesikia?