Sisi tunataka miaka miwili

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Leo nataka tuongee kitu ambacho wengi tunatembea nacho kimya kimya, yani ulimuomba Mungu jambo, ukafunga, ukatoa sadaka, kwenye mkesha wa mwaka mpya ukaambiwa huu ndo mwaka wako, alafu mwaka ukaisha hamna kitu, na wa pili nao ukaisha.

Tuchukue Yeremia 29:11, ule wa mawazo ya amani wala si ya mabaya. Tunauweka statusi, tunauandika kwenye kadi za mahafali, na sawa kabisa maana ni Neno la Mungu, ila ni wangapi tumesoma mstari wa 10 uliopo hapo juu yake tu? Unasema miaka 70! Hiyo ni barua, Yeremia yuko Yerusalemu anawaandikia watu waliochukuliwa mateka Babeli pamoja na mfalme Yekonia, mwaka 597 kabla ya Kristo, sa mtu aliyepelekwa kule na miaka yake 30 akipiga hesabu anaona kabisa mimi kwetu sirudi, labda wajukuu. Huyo ndo aliyeandikiwa habari za tumaini.

Sura ya 28 kuna nabii mwingine, Hanania wa Gibeoni, yeye alisimama hekaluni mbele ya makuhani na watu wote akasema miaka miwili tu, vyombo vya hekalu vinarudi, mfalme anarudi, mateka wote wanarudi. Nani asingeitikia? Hata Yeremia mwenyewe alisema Amina, Bwana na afanye hivyo, mana kutamani shida iishe mapema sio dhambi jamani. Lakini miaka miwili ilipita hakurudi mtu, Yerusalemu yenyewe ikaja kuchomwa moto, ruhusa ya kurudi ikatoka kwa Koreshi, mfalme wa Uajemi, mwaka 538 kabla ya Kristo. Tatizo letu tunachukua tarehe ya Hanania tunaibandika kwenye ahadi ya Mungu, ikipita tunasema Mungu kaniacha, au tunaambiwa una imani ndogo. Hili linaniuma sana. Mama kazika mtoto aliyemuombea usiku na mchana, alafu mtu anamfuata msibani na maneno kama hayo, naomba tuache, tuache kabisa.

Sasa angalia wale wa Babeli wanaambiwa nini: jengeni nyumba mkae, pandeni bustani mle matunda yake, oeni, ozesheni watoto, na mji ule uombeeni kwa Bwana. Babeli hiyo, mji wa watu waliowateka! Mi hapo ndo pananishika, kwa sababu ukiambiwa omba ukiwa Babeli maana yake anakusikia ukiwa Babeli, hekalu liko mbali, kwenu ni mbali, tarehe haijabadilika, na bado anakusikia.

Kwa hiyo we dada unayesubiri uolewe kwanza ndo ujenge, kiwanja si unacho? Chimba msingi. Na kaka yangu unayengoja barua ya ajira, shamba la baba lipo, lima msimu huu. Ombi lako usilifute, mi mwenyewe nina langu la miaka mingi na leo asubuhi nimeliomba tena.

Haya fungueni, tusome barua yenyewe mstari wa 4 mpaka wa 14, nani atusomee kwa sauti?