Moshi Usiouona: Mazungumzo na Wachimbaji na Wachanjuaji, Geita

Basi jamani tukae, wale wa nyuma sogeeni hapa kivulini, mwenye karasha, ile mashine ya kuvunjia mawe, ametuzimia na ametupa saa moja tu. Shikamooni wazee wangu. Akina mama, poleni na mwalo, kuosha mchanga wa dhahabu sio kazi ndogo.

Mi sio injinia. Nimechanjua, yaani nimetoa dhahabu kwenye mchanga, miaka 9 huku huku, dhahabu ya watu wengi imepita kwenye mikono hii, na nlikuwa nachomea donge la dhahabu na zebaki nyuma ya nyumba, mvua ikinyesha naingia jikoni nachomea kwenye jiko lile lile la ugali, mtoto mgongoni. Upepo ukija upande wangu nageuza uso, najua nimejikinga.

Duara, yaani shimo la kuchimbia, likiporomoka kila mtu anajua siku hiyo hiyo. Mwaka 2015 pale Nyangarata, Kahama, kuna wenzetu 5 walitolewa hai baada ya siku 41 chini ya kifusi, nchi nzima ilisimama kuwatazama. Zebaki haina kelele hiyo. Inachemka kwenye nyuzijoto 357, jiko la mkaa linafika hapo bila shida, inageuka hewa ambayo huioni na haina harufu, inaingia kwenye mapafu, inaenda kwenye damu, inapanda kwenye ubongo, na kwa mama mjamzito inavuka mpaka kwa mtoto. Afu baada ya miaka mikono inaanza kutetemeka, usingizi unakata, mtu anakuwa na hasira za ajabu na kusahausahau, na sisi tunasema karogwa. Na maziwa haya tunayokunywa baada ya kuchoma, ndugu zangu, hayatoi zebaki mwilini, nawaambia kwa uchungu maana mi mwenyewe nimeyanywa sana.

Kule Japani kuna mji unaitwa Minamata. Kiwanda kilikuwa kinamwaga maji yenye zebaki baharini, paka ndio walianza, wanazunguka na kudondoka kama wamelewa, afu ikaja kwa wavuvi na familia zao kwa sababu wote walikula samaki wale wale. Ugonjwa ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, na mkataba wa dunia wa zebaki wa mwaka 2013 umepewa jina la mji huo, na Tanzania imo. Sasa mvua ikinyesha maji ya mialo yetu yanaenda wapi? Yanaenda mtoni, na mtoni kuna kambale na watoto wetu ndio wanawavua.

Sasa hiki chuma hapa ni ritoti. Kikombe, mfuniko unaobana, na bomba linaloinama kwenda chini. Unaweka donge ndani, unafunga, unachoma, hewa ya zebaki inapita kwenye bomba ikipoa inarudi kuwa zebaki, utaiona inadondoka tone tone inang'aa kwenye hiki kikopo cha maji. Ila sikilizeni hapa vizuri: mdomo wa bomba usizame kwenye maji, uishie juu yake kidogo, maana chuma kikianza kupoa kinavuta maji mpaka ndani kwenye kikombe cha moto na hapo kitalipuka. Na usifungue kabla hakijapoa kabisa, na hata ukiwa na ritoti choma nje, mbali na nyumba.

Najua kwanini wengi hamtumii. Sio ubishi. Mwenye mali anataka aione dhahabu yake kwa macho kuanzia mwanzo mpaka mwisho, ukimfungia kwenye chuma anahisi anaibiwa, na mchanjuaji hataki lawama. Dawa yake ni mzani. Pimeni donge mbele ya wote kabla ya kuchoma, mkimaliza pimeni dhahabu, pimeni na zebaki iliyorudi, jumlisheni. Kama kuna pengo kubwa basi ritoti inavuja, mtajua hapo hapo. Na karibu nusu ya donge huwa ni zebaki, zebaki uliyoinunua kwa hela yako, ukiichoma wazi umeipa upepo.

Lingine, kumwaga zebaki ndani ya bolumili, lile pipa la kusagia mawe, acheni kabisa. Inasagika vipande vidogo mno, inaondoka na marudio, ule mchanga unaobaki, ikiwa imebeba dhahabu yako, afu marudio yale anayanunua mwenye vati, lile tangi la kutolea dhahabu kwa kemikali ya sayanaidi, na ukiweka sayanaidi juu ya zebaki inayeyuka inasambaa zaidi. Pitisheni kwanza kwenye mwalo wenye zulia, zebaki iguse ule mchanga kidogo wa mwisho tu.

Vijana wa maduara sijawasahau, kwa haraka: pampu ya petroli isishuke shimoni hata dakika 5, moshi wake unaua na anayemfuata mwenzie kumwokoa bila hewa kushushwa anakufa naye. Na karasha mwagieni maji, vumbi la jiwe lile jeupe linakaa kwenye mapafu halitoki, na TB inapenda mapafu ya hivyo.

Mama wa kanga ya kijani, ulisema una donge la leo? Na mwenye mali yupo? Njoo mzee wangu, simama hapa karibu na mzani, wewe mwenyewe ndio utasoma namba. Mkaa ushawaka kule chini ya mwembe, twendeni, watoto wabaki huku.