Baba Fulani, Njoo Tucheze

Mhadhara kwa wanandoa ambao watoto wao wamekua, Walukuba, Jinja

Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Wazee wangu, mama zangu, hamjambo? Ahsanteni kwa kuacha shughuli za Jumamosi mkaja. Naona wengine mume ameketi huku na mke kule, kama tuko msibani. Naomba msogeleane. Haya, nawasubiri.

Naanza na swali. Wangapi hapa mmeishi Jinja zaidi ya miaka 20? Karibu wote. Sasa wangapi mmewahi kupanda mashua, wewe na mwenzio, wawili tu, mkaenda kutazama pale Mto Nile unapotoka ziwani? Mikono mitatu. Na yule mama pale anasema yeye alikuwa anawasindikiza wageni. Watu wanavuka bahari kuja kuyaona maji yale, na sisi tunayapita kila siku tukienda sokoni.

Swali la pili msinijibu, jijibuni wenyewe moyoni. Mwenzio unamwitaje?

Mimi mume wangu nilimwita kwa jina lake miezi kumi na minne. Alipozaliwa mtoto wetu wa kwanza akawa Baba Fulani, nami nikawa Mama Fulani, na tukaitana hivyo miaka 26. Ndivyo tulivyolelewa. Jirani zetu wa kabila la Baganda, aliyezaa mapacha anakuwa Ssalongo, mkewe anakuwa Nnalongo, na wengi mtaani hawalijui kabisa jina walilopewa walipozaliwa. Ni heshima kubwa na siipingi. Lakini sikilizeni kilichomo: kila tulipoitana, tulimtaja mtoto. Hata nilipomwita aje kula, mtoto alikuwa katikati.

Kisha mtoto anaondoka.

Mnakumbuka shule zilifungwa Machi 2020, na zikafunguliwa kwa wote tarehe 10 Januari 2022. Karibu miaka miwili. Nyumba yetu ilijaa: watoto wetu watatu, mpwa wangu mmoja, kelele, vyombo, ugomvi wa rimoti. Wiki ile ya Januari tukafunga masanduku ya bati, magodoro, ndoo, sabuni, sukari. Mmoja bweni huku, mwingine kule, mkubwa alishapata kazi akahama, na mpwa akarudi kwao. Jumatano jioni nikasonga posho, yaani ugali, ya watu sita, kwa mazoea tu. Tukakaa wawili. Tukazungumza habari za karo, ikaisha. Tukazungumza habari za mtaro wa maji nyuma ya nyumba, nao ukaisha. Halafu kimya. Hatukuwa tumegombana. Mambo ya ofisi yalikuwa yamekwisha, na sisi tulikuwa tumebaki na ofisi tu.

Najua kuna anayesema, mama, kwangu nyumba haijawahi kubaki tupu, nina wajukuu wanne na karo ya chuo bado. Ni kweli. Uganda nyumba haibaki tupu kama huko Ulaya. Lakini umri ule wa kukimbizana na nepi, homa za usiku na sare za shule umepita, na ninyi wawili mmebaki mnatazamana juu ya vichwa vya wajukuu. Ni hao ninaosema nao.

Watu wengi wanaogopa umri huu. Wanadhani watoto wakitoka, ndoa inabaki ganda. Mwaka 2008 watafiti wa California walichapisha habari za wanawake waliowafuatilia miaka 18, tangu wakiwa na miaka ya arobaini mwanzoni hadi wakapita sitini. Waligundua kuwa kwa wanawake hao ridhaa katika ndoa ilipanda, na kutoka kwa watoto nyumbani kulichangia. Lililonigusa zaidi ni sababu yake. Hawakupata saa nyingi zaidi za kukaa na waume zao. Saa zilezile ndizo zilizokuwa tamu zaidi. Kwa hiyo kukaa nyumba moja hakutoshi. Mnafanya nini mkikaa?

Hapa ndipo tunapokutana na maneno matatu: mtu mzima hovyo. Mmeyasikia. Mama wa miaka 52 akiruka kamba na mjukuu, mtu mzima hovyo. Mzee akimshika mkewe mkono njiani kutoka sokoni, mtu mzima hovyo. Maneno haya yamefunga milango mingi. Na huyo anayeyasema, mara nyingi angetamani kuwa ndiye aliyeshikwa mkono.

Wala tusijidanganye kwamba hatuchezi. Tunacheza sana, ila hatuchezi pamoja. Pitieni pale kwenye mti wa mwembe saa kumi jioni. Wanaume wamezunguka ubao wa mweso, mashimo 32, kete 64, ni ndugu wa bao la Waswahili wa pwani. Wanapigana vijembe, wanacheka mpaka machozi. Hatua chache tu kutoka hapo, wanawake wanamenya matoke na vicheko vyao vinasikika barabarani. Kisha giza likiingia, kila mmoja anaingia ndani na uso wa kazi. Kicheko kimeachwa chini ya mti na kando ya jiko.

Basi mimi nikamwambia Baba Fulani, nifundishe mweso. Alishangaa, kisha akafurahi, akatoa ubao. Akanifunga mara ya kwanza. Akanifunga ya pili. Tulipofika mara ya saba alikuwa ananieleza makosa yangu kwa sauti ileile aliyokuwa akisahihishia madaftari ya watoto, nami nilikuwa nimevimba kama hamira. Ubao ukarudi juu ya kabati. Nilifikiri sana usiku ule. Miaka 26 yeye alikuwa mkubwa wa mambo yake, mimi mkubwa wa mambo yangu: yeye kiwanja na paa, mimi chakula na fedha za chama. Hakuna aliyewahi kushindwa waziwazi mbele ya mwenzake. Na mchezo, ndugu zangu, hauanzi mpaka mmoja akubali kwamba anaweza kushindwa na asipungukiwe kitu.

Waislamu mliopo mnaijua habari ya Mtume Muhammad na Bibi Aisha. Walikuwa safarini, Bibi Aisha bado mwembamba. Mtume akawaambia watu watangulie, kisha akamwambia mkewe, njoo tushindane mbio. Bibi Aisha akamshinda. Mtume akanyamaza. Miaka ikapita, Bibi Aisha akanenepa, akasahau. Wakawa safarini tena, Mtume akawaambia watu watangulie, wakashindana, safari hii Mtume akashinda. Akacheka, akasema, hii ni kwa ile.

Ngojeni nikae hapa kidogo, maana habari hii hupitwa haraka. Aliyekuwa anaongoza umma alikubali kushindwa mbio na mkewe. Na aliikumbuka ile mbio kwa miaka, aliiweka kama deni tamu. Nani kati yetu ana deni la namna hiyo na mkewe? Madeni tuliyonayo ni ya nani hakusema pole kwenye msiba wa mjomba mwaka 2009. Tena tazama, aliwatanguliza watu. Mchezo wa mume na mke una sitara yake. Anayeona haya ya majirani, haya yake ina njia: watangulize watu.

Wakristo nao wafungue Mwanzo, sura ya 26. Isaka alikuwa ugenini kwa Wafilisti, anaogopa kuuawa kwa ajili ya uzuri wa Rebeka, akasema ni dada yake. Mfalme Abimeleki akachungulia dirishani, akamwona Isaka akicheza na Rebeka. Papo hapo akajua: huyu si dada, ni mke. Kwa mpangilio wa kitabu, Esau na Yakobo wameshazaliwa sura moja nyuma. Na jina Isaka kwa Kiebrania linatokana na kucheka. Najiuliza siku zote: mtu akichungulia dirisha langu jioni, atajua kuwa sisi ni mke na mume? Au atadhani ni ndugu wawili wamerithi nyumba?

Mwaka 2000 mwanasaikolojia wa Marekani, Arthur Aron, na wenzake walichapisha jaribio ambalo nalipenda sana. Waliwafunga mume na mke pamoja kwenye kifundo cha mkono na cha mguu, wakawaambia watambae juu ya magodoro huku wamebana mto katikati ya miili yao, bila kuushika kwa mikono. Dakika saba. Wengine walipewa kazi ya kuvingirisha mpira polepole tu. Waliotambaa walitoka wakiona ndoa yao vizuri zaidi kuliko wale wa mpira. Kilichofanya kazi ni ugeni wake: jambo jipya, gumu kidogo, ambalo hakuna kati yao aliyekuwa bingwa wake.

Hapo nikajua kosa letu lilikuwa nini. Mweso ulikuwa wake. Tulihitaji kitu kisicho cha mtu.

Siku za uchumba alinipakia nyuma ya baiskeli nyeusi, kwenye keria, kutoka Mpumudde hadi mjini. Lakini mimi mwenyewe kuendesha sikuwahi kujua, nilikatazwa nikiwa msichana. Naye hakuwahi kumfundisha mtu. Basi Jumapili moja asubuhi tukatoka na baiskeli ya jirani mpaka kiwanja cha mpira. Anashika tandiko, anakimbia nyuma, anahema. Watoto wamejipanga, na naam, mmoja akayasema yale maneno matatu. Akaniachia bila kuniambia. Nikaenda hatua kama kumi, nikageuka, nikaona hayupo, nikaanguka kwenye nyasi. Na katika kuanguka nikapiga kelele jina lake. Sikuita Baba Fulani. Niliita jina lake, lile la miezi kumi na minne. Alikuja mbio, akanikuta mzima, akakaa chini palepale akacheka kicheko ambacho nilikuwa nimesahau kwamba anacho.

Tangu siku ile baiskeli ni deni letu. Amesema mwezi ujao ni zamu yangu kumpakia yeye.

Kuna mambo mawili lazima niyaseme, hata kama yanaharibu kicheko. Nyumba yenye kipigo haiponywi kwa mchezo. Mwanamke anayeogopa hawezi kucheza, na asiambiwe ajaribu. Huyo atafute msaada kwa wazee anaowaamini, kwa viongozi wa mtaa, kwa polisi. Na jingine: utani wa kumdhihaki mwenzio mwili wake au mshahara wake mbele ya watu si utani. Ukiona wewe unacheka na yeye ameinama, umeshamjeruhi.

Habari ya fedha naiweka kando, maana nimesikia mtu akinong'ona. Chapati na mayai iliyoviringishwa, mmoja anaanzia huku na mwenzake kule, barabarani, mmesimama, haihitaji mkopo wa benki. Kadi za mchezo wa matatu kila duka zipo.

Sasa nimesema vya kutosha. Kwenye meza zile nyuma kuna mbao nne za mweso na nne za ludo. Wanaume, msikae na wanaume wenzenu. Kila mmoja na aliyekuja naye, na wajane wangu mje tukae meza yangu, kete zetu zipo. Ambaye ni bingwa wa mweso asiuguse, aende kwenye ludo. Na kabla hujakaa, mwite mwenzio kwa jina lake.